Mbuzi choma Kitengela, ofisi Kajiado: uliza bei kamili kabla ya kuweka PIN

Ijumaa jioni pale Kitengela, moshi wa choma umetanda kando ya Barabara ya Namanga. Wewe na marafiki watatu mmekubaliana leo ni mbuzi. Ubao unaonyesha bei ya kilo, mnaagiza kilo mbili, stori zinanoga, kisha bili inafika ikiwa juu kuliko hesabu ya yeyote pale mezani. Hakuna aliyewaibia. Kuna maswali tu ambayo hamkuuliza.

Somo la leo linahusu malipo mawili ambayo wengi wetu tunafanya kwa simu: chakula cha nje na kodi ya ofisi. Yote mawili yana ugonjwa mmoja. Bei unayoonyeshwa kwanza si ile utakayolipa mwishoni.

Tuanze na nyama. Kawaida nyama ya kuchoma hupimwa ikiwa mbichi. Moto hutoa maji na mafuta, na kupungua robo ya uzani si ajabu, kwa hivyo kilo uliyolipia haitakuwa kilo ikifika kwenye ubao wa kukatia. Enda mwenyewe hadi kwenye mizani, chagua kipande na usome kipimo. Mbavu ni tamu, lakini kumbuka unalipia mfupa pia. Halafu uliza: kuchoma kunalipiwa? Ugali na kachumbari ziko ndani ya bei? Na kama ni hoteli kubwa, bei za menyu zimejumuisha VAT?

Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni Sh900. Kilo mbili ni Sh1,800, yaani Sh450 kwa kila mtu, na hiyo ndiyo hesabu mliyokuja nayo. Ongeza ugali nne za Sh50, kachumbari ya Sh100 na soda nne za Sh80. Sasa ni Sh2,420, au Sh605 kila mtu. Aliyebeba Sh500 ataanza kukopa.

Wakati wa kulipa, mwambie weita awagawie bili na kila mtu alipe kwa tili mwenyewe. Mmoja akilipia wote halafu wengine wamtumie, kila anayetuma anaweza kukatwa ada. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa tili imeharibika, utume kwa namba ya mtu binafsi, muite mwenye hoteli kwanza. Mkihitilafiana kesho kuhusu bili, ujumbe wenye jina la weita hauonyeshi kwamba hoteli ililipwa.

Kuna hoteli nyingine ambazo wengi hawazihesabu kama matumizi ya chakula: zile tunazofanyia kazi. Fundi wa mitandao, mtu wa bima, dalali wa mashamba, wote wanajua meza ya kona yenye soketi ya stima na Wi-Fi. Chai na chakula cha mchana Sh350 haionekani kuwa pesa nyingi. Kwa siku 22 za kazi ni Sh7,700. Fungua taarifa ya akaunti yako ya mwezi uliopita na ujumlishe malipo yote ya hoteli hiyo. Ikiwa yanakaribia kodi ya chumba kidogo, au nusu ya chumba mnachoweza kugawana wawili, basi tayari unalipa kodi ila huna ufunguo. Kweli, hata ukiwa na ofisi utakula mchana, kwa hivyo toa gharama ya chakula hicho kabla ya kulinganisha.

Na ofisi yenyewe uipige hesabu kama ile ya mbuzi. Kodi ni nyama pekee. Ugali wake ni VAT ya asilimia 16 ikiwa mwenye jengo amesajiliwa kuitoza, ada ya usafi na ulinzi, tokeni za stima, intaneti, na maji. Maji hapa si jambo dogo. Majengo mengi hutegemea visima au maboza, na maji ya visima sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi au floraidi nyingi, kwa hivyo ya kunywa utanunua kando. Uliza nani hulipia boza tangi likikauka.

Mji wa Kajiado uko kama kilomita 50 kusini mwa Kitengela. Ukipata chumba huko kwa Sh3,000 chini, usifurahi bado. Kama bado unaishi Kitengela na nauli ya kwenda na kurudi ni Sh400, safari nane kwa mwezi ni Sh3,200 na nafuu yote imekwisha. Lakini ikiwa kazi yako ni kufuatilia masijala ya ardhi, mahakama au ofisi za kaunti, nauli hiyo unailipa hata sasa, na chumba cha Kajiado kinaweza kukuokolea pesa. Anayehudumia viwanda vya Athi River abaki Kitengela.

Pesa nyingi zaidi hupotea kwenye dipositi. Ajenti anakuonyesha chumba kizuri, anasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, tuma sasa uwekewe. Usitume. Waulize wapangaji wa jengo wanamlipa nani. Hakikisha jina kwenye mkataba ndilo linalotokea kwenye simu. Likitofautiana, pata maelezo kwa maandishi kutoka kwa mwenye jengo. Ukilipa kwa Paybill, weka namba ya chumba kwenye sehemu ya akaunti. Ukikosea namba, tupigie mara moja tujaribu kuzuia pesa. Lakini malipo uliyofanya kwa hiari yako kwa mtu aliyekudanganya hatuwezi kuyarudisha kama kosa la namba. Hayo ni ya polisi.

Jambo moja ambalo wapangaji wadogo wengi hawalijui: Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, na "duka" humo ni pamoja na mahali unapotolea huduma kwa malipo. Inakulinda ukiwa huna mkataba ulioandikwa, au ukiwa na wa muda usiozidi miaka mitano. Ndiyo maana utakutana na mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu: imeandikwa hivyo ili ikwepe sheria hiyo. Ukilindwa, mwenye jengo hawezi kupandisha kodi kwa ujumbe wa WhatsApp wa tarehe 28. Anatakiwa kutoa notisi kwa fomu maalum, angalau miezi miwili kabla, nawe unaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara.

Huko utaulizwa umekuwa ukilipa kiasi gani na tangu lini. Usifute jumbe za malipo ya kodi. Kama umebadilisha simu, omba taarifa ya akaunti yako na uchague miezi unayohitaji.