Jinsi ya Kumtania Mtu Hadi Msibani

Hapa Magamba, Manispaa ya Mpanda, majirani wa mtaa mmoja ni Mkonongo, Mpimbwe, Mfipa, Msukuma na Muha. Kwa hiyo kabla ya mzaha wowote, mimi huwauliza wazee kwanza: huyu ni mtani wangu? Utani una njia zake. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, leo wanataniana. Wanyamwezi nao walipata watani kwenye misafara ya pwani, Wazaramo wakiwamo. Nyumbani ni rahisi: babu na mjukuu, mabinamu, mashemeji. Baba mkwe usimguse.

Utani wenyewe utaujulia msibani. Alipofariki mzee mmoja wa ukoo wa watani wetu, niliwapokonya wachimbaji jembe, nikakalia udongo wa kaburi na kupiga kelele: "Hazikwi mtu hapa! Huyu mzee amekufa na kuku wangu!" Dada wa marehemu, ambaye tangu usiku hakuwa amegusa hata chai, aliifunua khanga usoni. "Kuku gani, mwizi wewe? Kwenu mliwahi kufuga nini?" Wanawake wakaangua kicheko, naye akacheka, kisha akalia vizuri, kilio cha kutua mzigo. Nikapewa sarafu mbili, nikaachia kaburi.

Hapo kazi haijaisha. Jembe ulilopokonya ndilo utakalofukia nalo. Mtani huchimba, huchota maji, hupasua kuni. Anayetania halafu akakaa kivulini kusubiri ubwabwa ni mfanya fujo tu.

Kwa siku za kawaida, ficha viatu vya binamu yako au ondoka na sufuria ya shemeji, ila virudi siku hiyohiyo, vizima. Naye akija kulipiza, huna ruhusa ya kununa.

Ugonjwa wa mtu na madeni yake viache. Na usithubutu kupiga simu ya uongo kwamba fulani amefariki, hata iwe Aprili mosi. Ndugu yuko Tabora, atapanda treni ya Mpanda akilia njia nzima. Huo si utani, ni ukatili, na mimi ningekutoza faini.

Kama huwajui watani wa ukoo wenu, waulize wazee wiki hii na uandike majina na namba zao. Siku ya msiba lazima mtu awapigie simu.