SOMO: NANI ASHIKE UFUNGUO WA TOVUTI YA CHAMA?

Wanachama wengi wametuuliza kwa nini makatibu wa matawi, waliozoea kutangaza wenyewe khabari zao katika tovuti ya chama, sasa huandika tu kisha wakangoja. Wako waliodhani wamevunjiwa heshima. Sivyo, na yapasa tueleze.

Tovuti yetu yaendeshwa kwa programu iitwayo WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Zamani watumiaji wake walipewa namba, tangu 0 mpaka 10; toleo la 2.0 la mwaka 2005 likaleta madaraja yenye majina. Daraja la chini ni la msomaji aliyeandikishwa, naye hana kazi ila kutunza khabari zake mwenyewe. Juu yake yuko mchangiaji. Huyu huandika na kusahihisha maandishi yake, lakini hawezi kuyatangaza wala kutia picha, na yakishatangazwa hawezi kuyagusa tena. Mwandishi hutangaza yaliyo yake. Mhariri hutangaza na kusahihisha ya watu wote.

Msimamizi ndiye mwenye funguo zote. Hugeuza sura ya tovuti, huongeza na kuondoa programu ndogo ndogo, huandikisha watu na kuwafuta, hata msimamizi mwenziwe.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Karani wetu mmoja alipoacha kazi, niliona ni uangalifu kulifuta jina lake siku ile ile. Programu ikaniuliza: maandishi yake yafutwe, au yapewe mtu mwingine? Nami nilikuwa na haraka, magunia yamejaa mlangoni na watu wangojea mzani, nikabonyeza yafutwe. Humo mlikuwa na masomo yake yote ya kuanika karafuu na kutenga makonyo, kazi ya miaka mitatu. Programu huyaweka maandishi yaliyofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, kisha huyaangamiza. Mimi nilikuja kujua baada ya miezi miwili, mwanachama alipoliulizia somo moja. Nakala ya akiba hatukuwa nayo. Tumeyapata masomo mawili tu, kwa kuwa mzee mmoja wa Wete alikuwa ameyachapisha karatasini.

Lau siku ile ningeingia kwa daraja la mhariri, swali lile lisingalinijia kabisa, maana mhariri hana uwezo wa kumfuta mtu. Kwa hivyo anayepunguziwa daraja hatuhumiwi wizi. Na mwizi naye yumo katika hesabu: akilipata neno lako la siri, huingia kwa daraja lako wewe. Akiingia kwa jina la mchangiaji, ataandika upuuzi ambao mhariri ataufuta. Akiingia kwa jina la msimamizi, aweza kuibomoa tovuti nzima.

Basi sasa wasimamizi ni wawili tu, ili mmoja akiugua kazi isisimame. Kila mmoja ana majina mawili, la usimamizi na la uhariri, na la kwanza hulitumia pale tu kazi yenyewe inapolihitaji. (Programu haikubali anwani moja ya barua pepe kwa majina mawili, hivyo walilazimika kufungua nyingine.) Makatibu wa matawi ni wachangiaji. Karani wa mzani tumempa daraja la mwandishi, kwani tangazo la siku za kupokea karafuu halingoji mhariri aamke.

Twakubali kuwa utaratibu huu una uzito wake, khasa kwa katibu aliyekosea tarehe ya mkutano na tangazo limekwisha toka. Itambidi apige simu ofisini. Lakini asimwazime mtu neno la siri kwa sababu hiyo. Watu watatu wakitumia jina moja, hatutajua nani alifanya nini.

Na mtu akituacha, hatumfuti tena. Humshusha mpaka daraja la msomaji na kulibadili neno lake la siri, na maandishi yake hubaki mahali pake. Ikiwa hapana budi kumfuta, kwanza huchagua nani atarithi maandishi yake, na wasimamizi wote wawili huwapo.

Katibu ambaye tawi lake lina mjumbe mpya na alete jina lake ofisini kabla msimu haujaanza, pamoja na jina la yule aliyeondoka.