Somo la Mizani: Nilichojifunza kwa Mchoma Nyama wa Magomeni

Somo la leo nimelitoa kwenye nyama choma, kwa hiyo kama una njaa, soma ukiwa na kitu pembeni.

Jumapili moja mwezi uliopita nilienda Magomeni kumsalimia shangazi. Siyo upande wa maghorofa ya Kota, ni ndani ndani kule kwenye nyumba za Kiswahili, zile za baraza mbele na ukumbi katikati. Jirani na kwake kumefunguliwa kibanda cha nyama choma. Kilikuwa na wiki tatu tu. Meza nne, jiko la mkaa, mizani, na watu wamejaa. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hata wale wazee wabishi wa mtaa huu wanakula hapo." Nikasema ngoja nikaone.

Ukutani kuna ubao: "Ng'ombe kilo 18,000. Mbuzi kilo 20,000. Bei ni ya nyama mbichi. Ikiiva inapungua."

Nikaagiza kilo moja ya ng'ombe. Jamaa akakata, akaweka kwenye mizani, akageuza kioo upande wangu nisome mwenyewe. Kilo moja kamili. Akasema, "Dada, ikitoka motoni haitakuwa kilo. Maji na mafuta yanaondoka. Nitakupimia tena uone. Dakika 40." Akanipa kikombe cha supu ya mifupa, bure.

Ilipoiva akairudisha kwenye mizani kabla ya kuikatakata. Gramu 720. Yaani gramu 280 zimeenda na moshi, na mimi nimekula bila kinyongo hata kidogo.

Nikamuuliza, "Kaka, huogopi kukimbiza wateja na ubao ule?" Akacheka. "Mdogo wangu, nimechoma nyama kwenye baa za watu miaka mingi. Kila siku ugomvi, hii siyo kilo, mmeniibia. Na wala hatukuiba. Shida tulikuwa tunamweleza mtu akishaiona sahani."

Hapo nikanyamaza, maana alikuwa ananisema mimi bila kujua.

Mimi nauza mashuka ya pamba mtandaoni. Mwezi wa pili dada mmoja alinunua pea 4 za futi 6 kwa 6, jumla 140,000. Alipofua yakarudi, godoro likawa linachungulia pembeni. Nikamjibu, "Dada, pamba zote zinarudi, ni kawaida." Na ni kweli, pamba tupu inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza. Shuka la sentimita 240 linapoteza kama sentimita 7 hadi 12. Lakini yeye alichosikia ni mwizi anajitetea. Akapiga picha mazungumzo yetu, akaweka kwenye grupu la WhatsApp ambalo nusu ya wateja wangu wamo. Wiki ile oda 6 zilikufa. Mzigo wenyewe nilichukua kwa mkopo wa kikoba. Marejesho ya mwezi ule niliyalipa kwa kuuza friji yangu.

Mimi na mchoma nyama tulikuwa na ukweli mmoja. Yeye aliusema kabla ya hela, mimi nikausema baada ya malalamiko. Ukisema kabla ni maelezo, ukisema baada ni utetezi.

Sasa chukua kalamu:

1. Tafuta "kinachopungua" kwenye bidhaa yako. Kila bidhaa inacho. Pamba inarudi. Rangi ya kwenye simu siyo rangi ya mkononi. Kiatu cha mtumba kinaweza kuandikwa 40 kikavaliwa na mtu wa 39.

2. Kiandike kwenye tangazo, jirani na bei. Na bei yenyewe iandike. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" mteja anaona unataka kumpima sura.

3. Pima mbele ya mteja. Mimi sasa napiga video fupi nikiwa na tepu ya fundi cherehani juu ya shuka. Sekunde 15 zinatosha.

4. Gharama iweke kwenye bei, usiifiche kwenye kipimo. Yule jamaa nyama ananunua 12,000, lakini 6,000 iliyobaki siyo faida yote. Kuna mkaa, kachumbari, kodi na kijana wa kumsaidia. Mimi fundi wangu sasa anaongeza sentimita 12 kwenye urefu na upana, na bei nimepandisha 2,000 kwa shuka.

5. Anayesubiri mpe "supu". Mwambie mzigo utafika saa ngapi, mtumie picha ya kifurushi kabla bodaboda hajaondoka.

Nisikudanganye, wateja wawili wameniacha kwa sababu ya ile 2,000. Lakini tangu nianze, hakuna shuka lililorudishwa.

Na yule dada nilimtafuta. Nikamwambia nilikosa, nilipaswa kusema mapema, nikamtumia pea mbili mpya za kipimo kikubwa bila malipo. Alijibu neno moja tu, "Asante." Hajanunua tena.

Leo kabla hujalala, fungua tangazo lako moja na uongeze ule mstari unaouogopa.