Mgeni na enchilada yake

SWALI: Ninaongoza watalii hapa Arusha. Juzi nilikuwa nikimweleza mgeni Mmarekani kuhusu kupanda Mlima Meru, akasema anataka “the whole enchilada”. Ninavyojua, enchilada ni chakula cha Meksiko. Je, alikuwa na njaa?

JIBU: Hapana. Alitaka safari nzima: kuanzia lango la Momella, kulala Miriakamba na Saddle, mpaka kileleni, zaidi ya mita 4,500.

Enchilada yenyewe ni mkate mwembamba wa mahindi, kama chapati, unaoviringishiwa nyama, maharage au jibini, kisha ukamwagiwa mchuzi wa pilipili. Jina limetokana na kitenzi cha Kihispania enchilar, yaani kutia pilipili. Kwa Wamarekani, “enchilada nzima” ni kila kitu, bila kubakiza. Nayo “big enchilada” ni kigogo. Msemo huo ulivuma mwaka 1974, mazungumzo ya Rais Nixon na wasaidizi wake yalipochapishwa.

Ni maneno ya maongezi. Mgeni akiyatamka, cheka naye; kwenye barua ya kampuni, andika tu “safari kamili”.

Wala usimshangae. Mwambie naye, “Kunywa mtori, nyama ziko chini,” uone atakavyochungulia bakuli. Hatajua kwamba unamwomba avumilie, mazuri yaja. Mtori, yaani ndizi zilizopondwa na mchuzi wake, ni chakula tu. Subira ndiyo maana. Kila lugha ina chungu chake.