Nani ni Kuhani Kanisani?

Somo la juma: Waebrania 10:11-14, 1 Petro 2:4-10

Mgonjwa amelazwa wodini, anaomba aombewe. Ndugu wanne wamesimama kando ya kitanda, wote wameokoka, lakini wanamjibu, "Ngoja tumpigie pasta." Pasta hapatikani. Mgonjwa analala bila kuombewa.

Kwa nini? Kwa sababu wengi wetu tunadhani maombi ya aliyewekewa mikono ndiyo yanafika kwa Mungu, na yetu yanabaki njiani. Wengine hata hutuma pesa ili waombewe. Hebu tuone Neno linasema nini.

1. Ukuhani wa kale ulikuwa wa ukoo mmoja.
Musa alipomweka Haruni wakfu, alimpaka damu kwenye sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume (Walawi 8:22-24). Mwili wote ulikuwa wa Bwana. Asiye wa ukoo huo hakuruhusiwa. Mfalme Uzia aliingia hekaluni kufukiza uvumba, akatoka na ukoma kwenye paji la uso (2 Nyakati 26:16-21). Haikuwa mchezo!

2. Yesu aliikamilisha kazi hiyo.
Waebrania inatuonyesha kuhani amesimama kila siku, akitoa dhabihu zilezile, kazi haiishi. Yesu alijitoa mara moja, kisha akaketi. Pazia la hekalu likapasuka toka juu hadi chini (Mathayo 27:51). Kwa hiyo hatuhitaji mwanadamu mwingine wa kusimama katikati yetu na Mungu.

3. Sasa kila aliyeokoka ni kuhani.
Agano Jipya linawaita viongozi wa kanisa wazee, waangalizi, wachungaji, mashemasi. Halimwiti yeyote kati yao kuhani kwa sababu ya cheo chake. Petro, mtume mzima, aliwaandikia waumini waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, akawaambia kwamba wao wote ni ukuhani. Yeye mwenyewe alijiita tu mzee pamoja na wazee wenzake (1 Petro 5:1).

4. Basi, kuwekewa mikono ni bure?
La, hasha! Katika Matendo 6, wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa chakula. Kanisa likachagua watu saba wenye sifa njema, mitume wakawawekea mikono. Kule Antiokia, Barnaba na Sauli waliwekewa mikono baada ya kufunga na kuomba, wakatumwa (Matendo 13:1-3). Umeona? Mtu anakabidhiwa kazi mbele ya kanisa, na kanisa linajua nani atajibu kazi isipofanyika. Ndiyo maana Timotheo alionywa asiwe na haraka ya kumwekea mtu mikono (1 Timotheo 5:22). Anayetafuta uaskofu ili apate kiti cha mbele na kuitwa majina makubwa hajaelewa anachokiomba.

Na kazi ya mchungaji ni gani? Waefeso 4:11-12 inasema ni kuwaandaa watakatifu ili nao watumike. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na hiyo ni haki yake. Lakini mistari miwili tu mbele anatuambia tuombeane sisi kwa sisi (Yakobo 5:14-16). Yote mawili yanakwenda pamoja.

Mpendwa, mheshimu mchungaji wako, mwombee, msaidie kubeba mzigo. Lakini usimwachie ukuhani wako. Juma hili, ukiombwa maombi, usiseme "nitamwambia pasta." Mshike mtu huyo mkono, uombe papo hapo, hata kama maneno yako ni machache.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
- Ni kazi gani tumemwachia mchungaji ambayo Mungu ametupa sisi sote?
- Tuangalie nini kwa mtu kabla ya kumwekea mikono?

Maombi: Bwana Yesu, Kuhani wetu Mkuu, asante kwa kutufungulia njia. Tupe ujasiri wa kusimama kwa ajili ya wengine. Amina.