SOMO LETU: Daftari Lisiloficha Kitu



Vikundi vingi havivunjwi na ukosefu wa pesa. Vinavunjwa na swali moja: "Pesa yetu imeenda wapi?" Mweka hazina anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini daftari lisipoeleweka atashukiwa tu.

Hapa Soin tuna vijana waliosomea kompyuta. Wanaweza kutusaidia kwa Ledger, programu ya bure iliyoanzishwa na John Wiegley mwaka 2003. Hesabu huandikwa kwa maandishi ya kawaida. Tuseme watu 12 wametoa shilingi 200 kila mmoja, kisha wakanunua mbegu:

2025/03/08 Michango ya mwezi
    Mali:Sanduku        2400
    Mapato:Michango    -2400

2025/03/15 Mbegu ya mahindi
    Gharama:Mbegu       1500
    Mali:Sanduku       -1500

Kanuni ni hii: kila pesa ina mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda. Alama ya kutoa inaonyesha ilipotoka. Jumlisha pande zote mbili, utapata sifuri. Ukiandika 1500 huku na 1450 kule, Ledger itakataa. Kati ya jina na kiasi, acha nafasi mbili au zaidi.

Sasa, kama Ledger yenu imeunganishwa na lugha ya Python, kijana anaweza kuliuliza daftari maswali. Hapa anauliza mapato:

import ledger
for mstari in ledger.read_journal("kikundi.dat").query("^Mapato:"):
    print(mstari.amount)

Jibu ni -2400. Usishtuke! Maana yake, pesa imetoka kwenye michango ikaingia sandukuni. Mistari hii inasoma tu, haibadilishi daftari.

Lakini tahadhari. Kompyuta haijui pesa ambayo haikuandikwa. Tena mtu akila shilingi 300 na kuziandika "usafiri", hesabu itapatana vizuri sana. Kwa hivyo tunzeni risiti na ujumbe wa M-Pesa. Kila mkutano, daftari lisomwe kwa sauti ili hata mama asiyejua kusoma asikie, na sanduku lihesabiwe mbele ya wote.

Maswali ya kujadili:

1. Katika mfano wetu, sandukuni zimebaki ngapi? Zikipatikana 850, tutafanya nini kabla ya kumlaumu mtu?
2. Kijana wetu akienda kutafuta kazi mjini, ni nani mwingine atakayeendelea na daftari?