SOMO LA AFYA: Damu ya Mtoto Mwenye Baridi Yabisi Inasema Nini?



Mtoto wa chini ya miaka 16 ambaye kiungo chake kimevimba kwa wiki 6 au zaidi, na asubuhi huamka amekakamaa, huenda ana baridi yabisi ya watoto. Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka na kushambulia viungo.

Daktari akiagiza damu ipimwe, majibu yaeleweke hivi:

1. ANA. Hizi ni kingamwili zinazoshika kiini cha chembe za mwili. Hata mtoto mwenye afya anaweza kuwa nazo. Hazionyeshi ukali wa ugonjwa, bali huonya kuhusu macho. Jicho la mtoto mgonjwa laweza kuvimba kwa ndani bila maumivu wala wekundu, mwisho akapofuka. Mtoto mdogo mwenye ANA achunguzwe na mtaalamu wa macho kila miezi 3.

2. RF. Hupatikana kwa watoto wagonjwa wapatao 5 tu katika kila 100. Kwao ugonjwa huwa mkali zaidi. Malaria na kifua kikuu pia huweza kuleta RF. Kwa hiyo hupimwa mara mbili, kwa kupishana miezi 3. Mtoto aliyepimwa Bukavu kabla ya kuvuka, karatasi yake isitupwe. Daktari wa Rusizi ataihitaji.

3. ESR na CRP. Hizi si kingamwili. Hupanda uvimbe unapozidi na kushuka unapopungua, lakini maambukizo mengine pia huzipandisha.

Basi, karatasi peke yake haitoshi. Majibu yakiwa mazuri na goti bado limevimba, mtoto bado ni mgonjwa. Msimwachishe dawa bila daktari. Methotreksati kwa ugonjwa huu hutolewa mara moja kwa wiki. Kuitoa kila siku kunaweza kuua.

HATARI: Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mtoto ana homa, msingoje vipimo hivi. Huenda kuna usaha. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili apate rufaa ya hospitali kama Gihundwe au Mibilizi.

Tukumbuke: hifadhi karatasi, tazama kiungo, linda macho.